Stesheni Iliyonadiwa Siku ya Mavuno

Sisi watu wa Lukozi tuna tabia ya kumwambia mtu "tutakuja kukuona," kisha tunakwenda zetu kupakia kabichi. Si uongo hasa, ni namna yetu ya kuagana. Lakini Mzee Zabron alikuwa mtu wa kuamini maneno. Ukimwambia utakuja, anabandika maji ya chai, na jioni nyingi maji hayo yalichemka mpaka yakakaribia kukauka.

Alizaliwa huku huku milimani, ila maisha yake ya kazi aliyamalizia chini tambarare, kwenye kituo kidogo cha reli kupita Mombo. Kazi yake ilikuwa kubadili njia. Treni ikikaribia anavuta mkono wa chuma, reli zinasogea, treni inapita inakotakiwa. Mkewe, Beatha, aliuza peasi madirishani, beseni kichwani, na abiria wakimwita kwa jina. Treni za abiria zilipositishwa, Zabron akastaafu na wote wawili wakapanda mlima kurudi nyumbani.

Beatha alirudi kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mara kwaya, mara umoja wa wanawake, msiba huu, harusi ile. Nyumba yao ile ya juu kabisa, ambayo mvua ikinyesha njia yake huteleza vibaya, ikawa haikauki watu. Zabron alikaa pembeni akitabasamu na kupisha viti. Alidhani wale ni wageni wao wawili. Beatha alipofariki ndipo akagundua kwamba wote walikuwa wageni wa Beatha.

Tulimzika vizuri, hilo siwezi kutunyima. Tulikula matanga, tuliimba, tukasema tutakuja kumwona mzee. Baada ya hapo tulimsalimia njiani kwa heshima zote, shikamoo mzee, marahaba, za nyumbani, njema, na kila mtu akashika njia yake. Wengine walimwachia mboga mlangoni bila kubisha hodi, wasije wakamsumbua. Alikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu kwetu neno hilo hatulipendi. Tunasema "mzee ametulia."

Binti yao wa pekee, Eliza, ni muuguzi Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mmoja wa wazee aliokuwa akiwahudumia alifariki akaacha rundo la maboksi, na ndugu zake walikuwa wanataka kuyatupa. Eliza akayaomba. Wageni wa usharika rafiki wa huko walipokuja kututembelea walimletea Zabron maboksi hayo, pamoja na sabuni na chokoleti. Ndani mlikuwa na majumba madogo ya plastiki yaliyo vipande vipande, yale ambayo wenzetu wa huko huyajenga mezani kando ya treni za kuchezea. Kuta, milango na madirisha vimeshikamana kwenye fremu, unavikata kimoja kimoja na kuviunga kwa gundi. Watu wadogo walikuwemo pia, urefu wao hauzidi kucha ya kidole gumba.

Boksi la juu, na mawili ya chini yake, yalikuwa na picha ya stesheni ile ile. Paa jeusi lenye mteremko mkali, mabomba mawili ya moshi, theluji mpaka dirishani. Zabron akaitazama akacheka peke yake. "Hii si stesheni," akasema, "hii ni friji."

Ya kwanza aliiharibu. Alitumia supaglu ya fundi viatu, na vioo vyote vikaota ukungu mweupe usiofutika. Ya pili aliijenga sawasawa na picha, akaiweka kwenye kabati, na hakuipenda. Ilikuwa nzuri lakini haikuwa kituo chao. Basi alipofungua ya tatu aliiweka karatasi ya maelekezo kando, ambayo hata hivyo ilikuwa ya Kijerumani, akachukua wembe na msasa, akaanza kujenga kituo chake mwenyewe.

Paa akalikata likalala. Bati alilitengeneza kwa makopo ya soda. Alizipanga spoku za baiskeli kwenye ubao, akalaza juu yake kipande cha kopo na kukisugua kwa mpini wa kijiko mpaka kikatoka na migongo. Mabomba ya moshi aliyang'oa, nani anaota moto tambarare? Kichupa cha vidonge kikawa tangi la maji. Manyoya ya ufagio wa kijani yakawa mkonge nyuma ya reli. Udongo mwekundu aliuchekecha kwa kichujio cha chai, akaupaka chini ya kuta mpaka usawa wa magoti ya wale watu wadogo, kwa sababu ndivyo vumbi la kule linavyopanda. Akatundika hata kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa treni inapokaribia.

Wale watu wadogo walikuwa Wazungu wenye makoti. Akawavua makoti kwa wembe. Mmoja alikuwa mwanamke aliyenyanyua mwavuli. Zabron akaukata mwavuli na kuuacha mkono ulivyo, juu, na kichwani akambandika kifungo cha shati kikawa beseni. Ndani ya beseni akagundisha punje za ulezi, zikawa peasi. Khanga aliichora kwa rangi ya kucha, kwa ncha ya sindano. Kazi hiyo ilimchukua masika nzima, na ilipokwisha hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Waliosikia habari zake walisema mzee siku hizi anacheza na midoli.

Asubuhi moja akajikuta anawaeleza wale watu wa mezani kwamba maji ya bomba yamekatika tena. Si hilo lililomtisha, maana nani hazungumzi peke yake? Kilichomtisha ni kwamba alipomaliza kusema alinyamaza akingoja wamjibu.

Hapo akaamua stesheni itoke. Aliwaza hivi: mimi watu hawaji kwangu, basi hii iende kwa watu. Ikikaa sebuleni kwa mtu, wajukuu wataiuliza maswali, na wa kuyajibu ni mimi. Nitakuwa na pa kwenda. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, upande mmoja wa paa aliuachia gundi kidogo tu, ulegee baada ya wiki mbili tatu, apate kuitwa.

Sasa, kwetu Walutheri, Sikukuu ya Mavuno haiishi ibada inapoisha. Kila mtu huleta alichojaliwa, kuku, mayai, viazi, mikungu ya ndizi, na baada ya baraka tunatoka nje kuvinadi. Mnunuzi ana hiari yake. Anaweza kuondoka na kuku wake. Anaweza pia kusema "irudi," ikanadiwa tena kanisa lipate zaidi. Na anayetaka kutoa heshima kubwa hununua kitu kisha akampa mtu, mchungaji, mgeni au mjane. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mpaka akachoka yeye mwenyewe.

Zabron aliileta stesheni yake ikiwa imefunikwa kitambaa cha meza. Moyoni alikwishamchagua mnunuzi: Elisante, mfanyabiashara wa mboga, mwenye nyumba kubwa pale barabarani iliyojaa watoto, wakwe na wapita njia. Elisante ni mtu wa moyo mweupe na mkono mwepesi wa kutoa, kila mnada anaongoza yeye.

Mzee wa kanisa Tobia, ndiye mnadi wetu, akakifunua kitambaa. Tukasogea. Nasema kweli, hatukuwa tumetegemea. Watu waliokuwa wanajadili bei ya karoti walizisahau karoti zenyewe.

"Jamani, kutoa ni moyo!" Tobia akapaza sauti. "Treni hakuna, lakini stesheni ipo! Nani anaondoka nayo?"

Mikono ikapanda. Watoto walipenya miguuni mwa wakubwa. Mtu akauliza, "Mzee, bati hizi umezipata wapi?" Zabron akaeleza, makopo, spoku, kijiko, akaeleza kwa kirefu kuliko alivyoulizwa, na hakuna aliyemkatiza. Mwingine akauliza habari za mkonge, naye akajibiwa. Vichwa vilimzunguka, shavu kwa shavu. Uso wa mzee ulikuwa umewaka. Alikuwa na furaha, na sisi tulimwona ana furaha.

Elisante alikuwa mbele ya wote kwa dau. Tobia akainama karibu zaidi, miwani ikimteleza puani.

"Na huyu mama mwenye beseni je, ni nani?"

Zabron angeweza kusema ni muuza peasi. Lingekuwa jibu la kweli, na mambo yangeishia hapo. Lakini kwa muda wote huo wa kukata na kusugua, hilo ndilo swali alilokuwa analingoja.

"Ni Beatha," akasema.

Kisha mama mmoja wa kwaya akasema, "Yesu wangu, mama Eliza!" na akaanza kulia. Wenzake wakamfuata. Wakaja mmoja mmoja kumtazama Beatha na beseni lake, wakaanza kukumbushana sauti yake, sambusa zake, siku aliyowafokea kwaya nzima kwa kuchelewa. Zabron akawa anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Mikono mingine yote ya dau ilikuwa imeshuka.

"Moja, mbili, tatu, imekwenda kwa Elisante!"

Elisante akavua kofia. Akaja mbele, akainamisha kichwa. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatugeukia. "Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Ndugu zangu, mimi nimenunua, na fedha ya kanisa nimetoa. Lakini siwezi kumchukua mama Eliza nikaenda kumweka kwangu, mumewe akabaki peke yake. Haiwezekani. Stesheni hii namrudishia mzee wetu. Akae na mama."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka sokoni. Zabron akamshika Elisante mkono. "Hapana, mwanangu. Ichukue. Mimi nimeshaitoa. Ikae kwako, kwenye watoto."

"Mnaona unyenyekevu huo?" Tobia akapaza sauti. "Mnauona?"

Tukapiga makofi zaidi. Mzee akafungua mdomo tena, akatutazama, kanisa zima, tunalia na kucheka na kumpenda. Nani atakataa heshima mbele ya mlango wa kanisa na mchungaji amemshika bega?

"Hongea," akashukuru kwa Kishambaa, sauti ndogo. "Hongea sana."

Kijana wa bodaboda alimpeleka bure, mwendo wa taratibu, stesheni mapajani. Akamsaidia kuiweka mezani, akasema tutakuja kukuona mzee, akashuka mlima. Zabron akakagua safari ilivyoitikisa. Lile paa alilolilegeza makusudi lilikuwa limefunguka. Akalipaka gundi, safari hii ya kutosha, akalishikilia mpaka likakamata.

Jioni Eliza akapiga simu ya video. Zabron akavuta kiti upande wa pili wa meza, akaipeleka simu karibu na uso wake, nyuma yake ukawa unaonekana ukuta tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Haya niambie, sikukuu ilikuwaje? Stesheni imepata mtu?"

Mzee aliitazama stesheni iliyokuwa mbele yake, nyuma ya simu. Angewezaje kumwambia mtoto, tena aliye mbali vile, kwamba watu wamemfanyia wema na wema wenyewe umemrudisha palepale? Hata kulisimulia lingesikika kama kukosa shukrani.

"Imepata," akasema. "Elisante ameichukua."

"Elisante mwenye lori? Baba! Watoto wameipenda?"

"Sana. Wameniuliza maswali mpaka nimechoka."

Eliza akacheka, na mzee akacheka naye, akaona afadhali aongeze kidogo. "Wanataka niwe nakwenda Jumamosi. Na wengine wamesema watakuja huku juu, niwafundishe bati."

"Kwa hiyo hupo peke yako tena."

"Aa, wapi! Sipati hata nafasi."

Binti akaisogeza simu karibu. Alikuwa amevaa sare ya kazi, anaonekana amechoka. "Unajua, baba, nilikuwa nimeomba likizo ya Krismasi nije. Sikukwambia, nilitaka nikushtukize. Nilikuwa nakuwazia, hata usingizi sipati. Lakini hapa tuko wachache, na wenzangu wana watoto wadogo. Sasa kama uko na watu, naona niwaachie wao nafasi. Nitakuja mwaka mwingine. Au wewe unaonaje?"

Kwenye simu aliuona uso wa Beatha ule ule, mdomo ule ule, unamngoja aseme.

"Waachie, mwanangu," akasema Zabron. "Mimi huku nina watu."