Pedi ya gemu iliyookoa samoni wa Senja

Saa tatu asubuhi, theluji inapiga dirisha, na Ragnfrid Elvevold hana habari nayo. Macho yako kwenye kompyuta, vidole gumba vinacheza juu ya pedi ya gemu, kile kidude cha vitufe cha kuchezea michezo ya runinga. Anasukuma mbele kidogo. Chini ya maji, roboti yenye kamera inaitikia na kuambaa kando ya wavu.

"Waone hao!" anapaza sauti, samoni wakipita kwenye kioo. "Kila siku nawaangalia, na bado sijawachoka."

Ragnfrid, 52, ni mwendesha roboti katika shamba la samaki kisiwani Senja, kaskazini mwa Norwei. Kazi yake ni kukagua nyavu za vizimba wanamofugiwa samaki baharini. Zamani alipakia samaki kiwandani, kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mgongo ukagoma.

"Kuinama kulinishinda. Nikasema basi, nitafute kazi ya kukaa," anasema akicheka.

Pedi hiyo haikuja na roboti. Iliingia kazini Februari mwaka jana, siku dhoruba iliporarua wavu wa kizimba chenye samoni zaidi ya laki moja. Bahari ilikuwa imechafuka, wapiga mbizi hawangeweza kufika. Roboti ilikuwepo, lakini rimoti yake ilikuwa imeingia maji ikafa.

Ragnfrid akakimbilia chumba cha mapumziko. Mwenzake, Torgeir Nymo, alikuwa anacheza gemu ya mpira kwenye runinga, hajui hili wala lile.

"Lete hiyo pedi!"

"We mama, nusu fainali hii!"

"Torgeir, samaki wanatoroka!"

Wakaichomeka kwenye kompyuta. Kimya.

"Nilitaka kulia," anakumbuka Ragnfrid. "Taa ya pedi inawaka, lakini kompyuta inasema hakuna kitu."

Torgeir ndiye aliyeshtuka. Waya ule ulikuwa wa kuchaji tu, haupitishi mawasiliano. Akachomoa wa kamera yake, wakajaribu tena. Kompyuta ikalia! Nao wakapiga kelele.

Furaha haikudumu. Ragnfrid akiiamuru roboti ipande, inazama. Torgeir akapiga magoti, akawa anabadilisha mipangilio ya vitufe huku mwenzake akijaribu.

"Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse tena!"

Roboti ikashuka. Tundu lilikuwa kubwa kama mlango, na samoni walishaanza kulisogelea. Kwa mkono wa chuma wa roboti, Ragnfrid akabana kingo za wavu, kibanio baada ya kibanio, Torgeir akishangilia kama yuko uwanjani.

"Kushoto kidogo! Huyo mpishe! Funga, funga, funga!"

Wachache walitoroka. Maelfu kwa maelfu walibaki. Vidole vya Ragnfrid vilikuwa vimekakamaa, ikabidi Torgeir amshikie kikombe cha kahawa.

"Kiwandani sijawahi kushangiliwa hata siku moja," anasema.

Rimoti mpya ilinunuliwa. Iko kabatini, Ragnfrid haitaki.

Sasa ana mpango. Mdogo wake, Oddlaug, bado anapakia samaki, na bega limeanza kumsumbua. Kiti cha pili mbele ya kompyuta ki wazi, na meneja amekubali aanze kujifunza Jumatatu. Ragnfrid anampigia simu.

"Utakuja kweli, au unanizungusha?"

"Nakuja, dada! Nimeshamuaga msimamizi wangu."

"Kasemaje?"

"Kauliza kama kuna kiti cha tatu."