Kuku wa Mwami Si Kura

Joyeuse Kavira, ambaye Bwana amemwita mwaka huu na kuiacha nyumba yake ya Vulamba kimya, alikuwa mtu wa kuogopa majina. Bunduki alizizoea kama sisi sote tulivyozizoea, lakini kuandika jina la mtu mahali lisipostahili kulimtia hofu. Hakuzaliwa na woga huo. Ulimpata mwaka wa uchaguzi, 2006, wakati Kinshasa ilikuwa imetangaza kwamba vita vimekwisha, na huku Beni na Butembo watu bado walikuwa wakilala na viatu miguuni.

Mwaka ule alifanya kazi katika cyber moja ya Butembo, chumba chenye kompyuta chache na jenereta iliyonguruma uani. Asubuhi alichapa barua za wafanyabiashara. Wateja walipopungua, aliandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuongeza neno na mtu mwingine yeyote anaweza kulifuta. Hakulipwa kwa hilo. Siku ya kwanza alipoona sentensi yake kuhusu mto wa kwao imerekebishwa na mtu wa Kanada, aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akatazama vumbi jekundu la barabara na wasukuma baiskeli waliobeba viazi, akasema polepole, "Mungu wangu. Banatusoma."

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Jéthro, mwalimu wa hesabu aliyekuja kila siku baada ya masomo. Pamoja walitunza ukurasa wa uchaguzi wa wabunge wa upande wao. Chini ya kila mgombea palikuwa na sehemu ya watu wanaomuunga mkono: wakuu wa kimila kama Mwami, wachungaji, wakubwa wa shule, vyama vya akina mama. Sehemu hiyo ndiyo watu waliyoikimbilia. Vijana wa kampeni waliichapa na kuibandika sokoni.

Moyo wa Joyeuse ulikuwa kwa Mama Anne-Marie, mkunga. Wa Jéthro ulikuwa kwa Papa Apollinaire, mfanyabiashara wa kahawa. Wapiganaji wa milimani walimchukia huyo Apollinaire. Walisema wakati wa vita aliwauza kwa adui. Kama ni kweli au uongo, hakuna aliyejua, lakini rafiki wa Apollinaire hakupita mlimani.

Alasiri moja Jéthro, aliyezoea kumwita 'Ya', yaani dada mkubwa, alicheka peke yake mbele ya kompyuta.

"Ya Joyeuse, leo nimekupiga bao. Papa yako mwenyewe iko kwetu."

"Papa yangu hapana mutu ya siasa."

"Soma basi. Gazeti ya Kinshasa. Pasteur Josaphat wa Mulekera anamuunga mukono Papa Apollinaire. Source, ushahidi ya maandishi, iko, donc nimemutia. Si ni wewe ulitufundisha: bila source, hapana, na source, ndiyo?"

Joyeuse alisoma. Jina la baba yake lilikuwa pale, jeusi juu ya weupe, mbele ya macho ya dunia nzima. Kila mtu Beni alijua kazi ya mzee yule. Wapiganaji walipomteka mtu shambani, Pasta Josaphat ndiye aliyepanda mlimani kuomba aachiwe, akiwa na Biblia na mfuko wa chumvi. Alipita kwa sababu hakuwa wa mtu yeyote. Na juma lile alikuwa akijiandaa kumfuata Débora, mjane wa kanisa lake, aliyechukuliwa akichimba mihogo.

Angeweza kulifuta jina kwa kidole kimoja. Lakini sheria ya wahariri ilikuwa wazi: mtu haandiki wala hafuti habari za nyumba yake. Kesho yake alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Mulekera, kule Beni.

Alimkuta baba yake nyuma ya kanisa akirekebisha benchi.

"Papa, ulimuunga mukono Apollinaire?"

"Alikuja ibada. Alisimama, akasema, 'Ndugu, niko ku safari.' Nikaweka mukono ku kichwa, nikasema, Mungu akupe njia. Kavira, tangu wewe uko mutoto, ni nani alisimama humu akasema iko ku safari, na sisi tukamunyima maombi?"

"Hakuna."

"Ibada ya dimanche yenye ilipita, dereva wa camion alisimama hivyo hivyo. Gazeti hawakumuandika."

Joyeuse hakucheka. "Uende ku radio, Papa. Useme wewe hauko wa Apollinaire."

Mzee aliweka nyundo chini. "Nikisema sipo wa huyu, kesho batasema niko wa ule mwingine. Mu inchi hii, kukana mutu mumoja ni kumupigia mwingine ngoma." Kisha akamtazama binti yake kwa upande. "Mais mimi pia nilisomewa ukurasa yenu. Kwa Mama Anne-Marie muliandika Mwami. Mwami alisema nini?"

"Alimupa kuku."

"Eeh. Na mugeni gani aliyewahi kutoka kwa Mwami mikono mitupu? Nani aliandika hiyo?"

Aliyeiandika alikuwa Joyeuse mwenyewe, kwa furaha, na kwa picha. Yeye, mtoto wa kabila la Wanande, aliyekula kuku wa wageni tangu meno yake ya kwanza, alikuwa ameona kuku mkononi mwa mgombea anayempenda, akamhesabu kuwa kura.

Alirudi Butembo akiwa nyuma ya moto. Mawingu yalikuwa yamelala chini juu ya mashamba. Baadaye aliwaambia wa nyumbani kwamba siku ile ndipo alipoona uzito wa neno la mtu: kwamba Mungu ameliweka ndani ya kinywa cha kila mmoja kama mbegu ndani ya tunda, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulitoa.

Alifungua ukurasa wa mazungumzo, mahali ambapo wahariri hujadiliana mbele ya wote. Aliandika kwamba Pasta Josaphat ni baba yake, kwa hiyo jina lile hataligusa. Kisha akatoa pendekezo. Gazeti peke yake halitoshi. Aorodheshwe tu mtu aliyesema kwa kinywa chake, hadharani, kwamba atampigia fulani kura au kwamba wengine wampigie. Maombi si kura. Ngoma ya akina mama si kura. Kuku si kura.

Wahariri wa mbali waliuliza maswali, wakakubali. Ndipo akaanza kufuta upande wake mwenyewe. Alimtoa Mwami. Akawatoa akina mama wa soko, waliocheza kwa sababu walipewa vitenge, kama walivyocheza kwa wagombea wote. Akamtoa mkubwa wa shule aliyempa Anne-Marie kiti tu.

Jéthro alisimama nyuma yake. "Ya Joyeuse, unajichinja mwenyewe."

"Acha nichinje."

"Anne-Marie anabakia na nani?"

"Na wenye walisema."

Walikuwa wachache mno. Jéthro alitazama sehemu ile ilivyobaki nyeupe, akakuna shingo, kisha akaketi kwenye mashine yake na kumtoa Pasta Josaphat, na wengine wa upande wake karibu wote. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Mais iko kitu. Vijana ba Anne-Marie balichapa ukurasa mbele ya leo, wakati jina ya papa yako ilikuwa ndani. Balipeleka makaratasi mpaka kule juu, kwa bapiganaji, ili bajue nani iko wa Apollinaire."

Joyeuse alipiga simu Beni. Baba yake alikuwa ameshaondoka kumfuata Débora.

Joyeuse alirudi Mulekera siku ileile, akaketi kanisani pamoja na akina mama. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Hawakumlaumu. Mmoja alimfunika kitenge mabegani, na hilo lilimuumiza kuliko lawama.

Mzee alirudi kesho yake mchana, kwa miguu, na Débora nyuma yake akichechemea. Pasta aliomba maji, akaenda kulala. Débora ndiye aliyesimulia, kinywa kimejaa bugali.

"Komanda alikuwa na ile karatasi. Akamuuliza, 'Jina hii ni yako?' Muzee akasema, 'Ni yangu.' 'Unamuunga mukono Apollinaire?' 'Nilimuombea njia.' 'Mwizi kama ule?' Muzee akasema, 'Mwizi pia anasafiri.' Mimi nikafunga macho. Nikasema, Débora, leo unakufa pamoja na mupumbavu."

Akina mama walicheka huku wakifuta machozi.

"Kisha muzee akamuuliza, 'Na wewe, nikuombee?' Ule mutu akatoa kofia. Batu kumi ba bunduki, bote bakainamisha kichwa. Muzee akaweka mukono, akasema maneno ile ile: Mungu akupe njia. Komanda alipoinuka akasema, 'Pasteur, kesho bataandika kama uko wangu.' Muzee akajibu, 'Baandike. Mungu anajua kusoma.' Komanda akatuambia, muende."

Joyeuse alitoka nje, akapiga magoti kwenye majani ya kivulini, na akakaa hapo muda mrefu. Wenye kumpita walimzunguka kimya.

Aliporudi Butembo, Jéthro alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amefungua ukurasa mpya.

"Hii tutaandika, Ya Joyeuse. Hii ni kubwa kuliko uchaguzi yote."

"Ni kubwa," alisema. "Source ni nani?"

"Débora."

"Gazeti iliandika? Radio ilisema?"

"Hakuna."

Joyeuse alivuta kiti chake, akaketi. Kisha akaufunga ukurasa ule mtupu.

"Basi itabakia kwa Débora," alisema, na akaita mteja aliyekuwa akingoja barua yake.