Risasi Laini

Mtu akiniambia "risasi ni risasi" nawaka papo hapo, awe mteja, awe askari, awe ndugu yangu wa damu. Risasi si risasi! Nimeziuza miaka kumi na minne katika duka la bunduki lililo ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka River Road. Chini yetu wako watu wa kuchapisha kadi za harusi. Unapanda ngazi, unabonyeza kengele, unafunguliwa mlango wa chuma, unanikuta nyuma ya kaunta nimevaa sweta yangu. Na kila wiki lazima aje mwanamume wa kunitazama, atazame na nyuma yangu, halafu aseme, "Mama, niitie mtu wa bunduki."

Mtu wa bunduki ni mimi. Nani mwingine?

Mambo haya niliyajua kabla sijajua kupika chapati. Baba yangu alikuwa mpiga bunduki katika ranchi moja huko kwetu Ukambani, enzi zile ranchi kadhaa zilikuwa na ruhusa ya kupunguza swala na kongoni na kuuza nyama yao. Siku moja alirudi na kipande cha bega la kongoni, akakichokoa kwa kisu mbele yangu jikoni, akatoa kichwa cha risasi. Kilikuwa kimefunguka kama uyoga. Akanieleza kwamba ile ndiyo risasi ya nyama. Ncha yake ni madini laini yaliyoachwa wazi, ikiingia mwilini inatanuka, inamaliza kazi humo humo ndani, na mnyama anaanguka bila kuteseka. Ile nyingine, iliyofunikwa shaba kichwa chote, ni ya shabaha na ya vita. Ikimpata swala inapita kama sindano kwenye kitambaa na kutokea upande wa pili, na swala anakwenda kufia mbali, au hafi kabisa. Baba alimchukia mtu wa kujeruhi mnyama na kumwacha. Hata chai hakutaka kunywa naye.

Dukani tunaziita laini na ngumu, na taabu yote inaanzia hapo. Hebu mwambie mwanamume wa Nairobi achague kati ya kitu laini na kitu kigumu, umwone anavyotanua kifua! Sijapata hata mmoja wa kusema "laini" bila kugeuka kuangalia nani amesikia. Nimejaribu kubadilisha maneno. Nikasema "za kutanuka" na "za kupenya". Wapi! Akisikia kupenya ndiyo anafurahi zaidi.

Sasa, mume wangu alikuwa dereva wa mzee mmoja wa Kileleshwa, mwenye jengo la fleti na bunduki yenye leseni halali. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku zamani, ukimpiga swala unalala ndani. Lakini Uganda kuna sehemu mtu anawinda kwa kibali, na mzee alikuwa amealikwa huko na marafiki zake. Akasema mume wangu amwendeshe, tena amsaidie kubeba vitu porini. Siku mbili kabla ya safari wakaja dukani wote wawili. Mzee aliketi kwenye kiti chetu cha wateja, mume wangu akabaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Karibu mzee," nikasema. "Unaenda kupiga nini?"

"Swala. Na pongo nikibahatika. Nipe zile ngumu, boksi mbili."

Aliposema pongo, moyo wangu ulishtuka. Pongo si mnyama mkubwa, ni kama mbuzi aliyenona, lakini pembe zake zimenyooka na zina ncha. Ukimjeruhi hakimbii mbali. Anaingia kichakani, analala, anakungoja. Anayemfuata ndiye anayechomwa. Na ni nani angetumwa kumfuata? Mzee mwenye tumbo lile na viatu vile vipya? Angetumwa mume wangu, baba ya watoto wangu watatu.

"Mzee, kwa swala na pongo unataka laini," nikamwambia polepole, kwa heshima zote. "Na usichukue nyepesi sana, ikigonga mfupa wa bega itavunjika pale juu juu. Hii hapa ya uzito wa katikati itamlaza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Laini! Mama, unataka nifike mbele ya watu na risasi laini? Hiyo wapatie wasichana. Mimi nataka kitu iko na nguvu."

"Nguvu ni ile inayobaki ndani ya mnyama, mzee. Hiyo ngumu itapita tu. Utamjeruhi, ataingia kichakani, na atakayeumia ni huyu." Nikamwelekezea mume wangu kidole.

Nilitaka aseme neno. Lolote. Akaangalia sakafu, akasema, "Mama watoto, wacha mzee achague."

Kumbe bosi wangu alikuwa ananisikiliza kutoka ofisini. Akatoka akitabasamu lile tabasamu lake la wateja wakubwa. "Mteja akitaka ngumu, anapewa ngumu. Hapa si kanisani watu wanahubiriwa," akasema. Akamgeukia mzee. "Risasi ni risasi, ama namna gani?"

Mtu mwenye duka! Mtu anayekula na kusomesha watoto wake kwa kazi hiyo! Nilitamani kumtupia boksi usoni, Mungu anisamehe. Sikumtupia. Niliangalia leseni ya mzee, nikaandika ninachotakiwa kuandika kwenye kitabu cha polisi, akatia sahihi, nikafunga yale maboksi mawili kwenye karatasi ya kahawia kwa mikono hii hii. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Asubuhi ya safari nilimwambia mume wangu mlangoni, "Akimjeruhi mnyama, usiingie kichakani. Sema mgongo unauma. Sema chochote. Kaa kwa gari."

"Sawa," akasema, akifunga kamba za viatu. Tunaishi Kawangware, na gari la mzee lilikuwa huko Kileleshwa likimsubiri. Nilisimama mlangoni mpaka akapinda kona.

Siku ya tatu, saa za chakula cha mchana, simu ikalia pale kaunta. Alikuwa ni mzee mwenyewe. "Mama, kumetokea kaajali kadogo," akasema. "Lakini usiwe na wasiwasi."

Kaajali! Kadogo! Pembe ya pongo ilikuwa imeingia kwenye paja la kushoto la mume wangu, juu kidogo ya goti, ikapasua nyama mpaka karibu na nyonga. Kwenye simu nilisikia mtu akigonga glasi. Aki ya nani, nilisikia glasi.

Alilazwa Uganda, kisha akahamishiwa Nairobi. Nilikuwa nikitoka kazini naenda kumwosha, daktari anakuja kunieleza habari za mishipa, mimi naitikia tu. Jeraha lilipona. Mguu haukupona. Mguu wa kushoto ndio wa klachi, na yeye ameendesha magari tangu akiwa kijana, hana kazi nyingine anayoijua. Mzee akasema hatamtupa, hapana, yeye ni mtu wa dini, akampa kazi ya kufungua geti pale kwenye fleti. Watu walimsifu kwa hilo. Hata mama mkwe wangu alimsifu! Nikauliza, anasifiwa kwa lipi jamani? Nikaambiwa nina mdomo.

Mume wangu alipoanza kutembea na mkongojo, mzee akatualika Kenyatta Market, Jumamosi mchana, tule nyama choma kumpoza mgonjwa. Marafiki zake wa safari walikuwepo pia. Nilienda kwa ajili ya mume wangu. Mbavu zikaletwa, kachumbari ikaletwa, mzee akaanza kusimulia.

"Nilimpiga mara mbili. Zile ngumu! Pa! Pa! Na bado anakimbia. Nawaambia, yule mnyama alikuwa na mashetani."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Hapo nikashindwa.

"Hakuwa na mashetani," nikasema. "Alikuwa na matundu mawili madogo ambayo hayakutosha kumuua. Nilikwambia hayo dukani, mzee, nikakwambia na atakayeumia ni nani, ukaniambia niwapatie wasichana. Haya, sasa mwangalie huyu. Mwangalie mguu!"

Kijana aliyekuwa akitukatia nyama pale mezani aliacha kukata. Mzee akafuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mama, una uchungu, naelewa," akasema. "Lakini huyu ni mtu mzima. Hakuna mtu alimsukuma. Aliingia mwenyewe. Muulize."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa akiangalia sahani.

Nikachukua mkoba, nikatoka, naye akanifuata kwa mkongojo wake, tukapita kwenye saluni za pale sokoni, wasichana wakituita tukasukwe. Mbele kidogo nikasimama.

"Ni kweli uliingia mwenyewe?"

"Ni kweli."

"Na nilikwambia nini mlangoni?"

Akaegemea ukuta. "Yule Mganda wa kutuongoza porini alisema tungoje nusu saa, akazunguka upande wa pili kutafuta damu. Mzee hakutaka kungoja. Akaniambia niingie niangalie kama pongo ameshakufa. Nikakataa."

"Ulikataa?"

"Nilikataa kabisa. Nikamwambia kwa risasi zile mnyama bado yuko hai, na si salama. Nikamwambia vile ulivyonieleza, yote." Akahamishia mkongojo mkono wa pili. "Akaniuliza, 'Hayo maneno ni yako ama ni ya bibi yako?' Na wale wenzake wote wako hapo, wananiangalia."

"Halafu?"

"Halafu nikaingia."

Woi! Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia mzee, na bosi, na mtu yeyote aliyewahi kudharau kitu kwa sababu kinaitwa laini. Sikujua kama nilikuwa nimebakiwa na hasira nyingine, ya huyu mume wangu. Ilinipanda mpaka machozi yakanitoka pale pale njiani, watu wakipita na mifuko yao ya nyama.

"Ungesema ni ya bibi yako," nikamwambia. "Ni nini kingekuuma? Ungesema tu, ni ya bibi yangu."