Mama na Kifaa cha Kwenye Tenki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliingia kwa mama yangu, Korogwe ya zamani, na kabla sijakaa nikamwomba kisu.

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori la petroli, natoka Dar kwenda Moshi, kijana nisiyeambilika. Ni miaka ile kampuni za watu binafsi zilipojaa barabarani. Tajiri wetu alikuwa ametufungia kifaa kipya chenye nyaya mpaka kwenye tenki. Ukifungua mfuniko, kinajua. Tenki likipata joto, kinajua. Ukisimama porini, kinapeleka habari ofisini Dar, na msichana aliyekaa huko anakupigia simu: dereva, mbona umesimama? Mtu mzima mimi, naulizwa kama mtoto aliyechelewa dukani! Nilikichukia kile kifaa, acha tu.

"Kisu cha nini?" mama akauliza.

"Nikakate nyaya, mama. Nimechoka kuchungwa."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akifuta mikono kwenye kanga, kisha akauliza, "Kwa hiyo ukipinduka, huyo binti atajua?"

"Atajua hapo hapo, na mahali penyewe."

Mama akakaa chini. Baba yangu naye alikuwa dereva wa mafuta. Nilijua kwamba alikufa kwa ajali upande wa Handeni, mimi nikiwa bado wa mgongoni. Mengine sikuwahi kuambiwa, na ukimwona mama alivyokuwa, usingethubutu kuuliza.

"Lori lilipinduka nyikani," akasema taratibu. "Hakuna aliyejua. Kila jioni nilimwekea chakula, nikisema leo atafika. Siku zikapita. Wafugaji waliomkuta walisema alikuwa amejiburuza mpaka kivulini. Maana yake hakufa pale pale, mwanangu. Alikuwa anatusubiri."

Nililia, na sioni haya kukuambia. Kisu sikupewa. Nilipewa ugali na mlenda, na nilipokuwa nakula mama akaniuliza yule msichana wa ofisini anaitwa nani. Nikasema simjui.

"Mtu anakuangalia njia nzima, na hata jina hujamuuliza?" Alininunia kweli kweli. Kisha akajaza machungwa kwenye mfuko, akasema nimpelekee, nimwambie yametoka kwa mama wa dereva.

Nikampelekea. Tangu hapo akinipigia nilikuwa najibu vizuri: nipo Hale, dada, nakunywa chai, gari ni zima. Siku nyingine nilimpigia mimi kabla hajauliza.

Sasa nakuona wewe, mwanangu, simu ya mama yako inaita unaigeuza kifudifudi, unasema anakufuatilia sana. Ukipewa kazi ya mzigo wa hatari, usimdanganye anayekuangalia, maana nyumba zote za kando ya barabara zimo mikononi mwako. Na hata kama hubebi kitu, ukiondoka aga, ukichelewa sema. Wapo wanaokuuliza ili wakutawale, hao utawajua. Lakini anayekuuliza kwa sababu hawezi kulala kabla hujafika, mjibu. Usimfanye mama yako ampikie mtu ambaye hayupo tena.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Akujaalie siku zote mtu wa kushtuka mapema kwamba hujafika, na siku ukiwa umekaa kivulini unasubiri, watu waje.