Kikombe Cheusi cha Albertine

Wateja wa Albertine mfinyanzi hucheka kwanza, halafu hununua. Nani asicheke? Birika lina mashavu ya mzee anayepuliza moto, kikopo cha chumvi ni behewa la treni ya zamani, na sahani zina maua yale yale ya sahani za bati za bibi zetu. Kavuo, mama wa Butembo mwenye duka karibu na stesheni, huvipanga vyombo hivyo mbele ya sukari na sabuni. Lakini kikombe cheusi chenye chura ndani, hicho Albertine hatengenezi. Ukimwomba, anakuambia udongo umekwisha. Udongo umekwisha Kindu, jamani, na mto Lualaba unapita pale!

Mwaka ule wa vita, askari walishika mji, wapiganaji wa Mai-Mai, adui zao, wakafunga njia za mashambani. Watu walikunywa uji mwembamba wa muhogo, hauna sukari wala chumvi, wakashukuru Mungu. Déborah, binti wa Albertine wa miaka mitatu, alikataa. Alifumba mdomo, mbavu zikaanza kuhesabika. Albertine aliona mtoto anamponyoka. Akafinyanga kikombe, akabandika chura chini kabisa, kwa ndani: ukitaka kumwona, umalize uji.

Kwao, chombo kikiwa bado chekundu motoni hufunikwa majani mabichi, moshi ukiingie, kiwe cheusi na kisivuje. Alifanya hivyo hivyo alivyofundishwa na mama yake. Hakufikiri. Moshi ukapanda juu ya mapaa, mweupe, mzito, na mji mzima ukauona.

Askari walikuja mbio. “Nani anapatia Mai-Mai alama?”

Albertine alifungua mdomo. Onema, mume wake, aliyekuwa ameketi akishona wavu, alimtangulia. “Njo mimi niliwasha.”

Walimpeleka upande wa mto. Mpaka leo hakuna aliyesema amezikwa wapi.

Na kikombe kilitoka kizuri, hata ufa hakina. Déborah akanywa, akamwona chura, akacheka, akaomba tena. Albertine akamwongezea huku analia. Alimshukuru Mungu na kukichukia kile kikombe kwa pumzi moja.

Mwaka huu Déborah alikuja na mtoto wake mgongoni, asiyetaka kula tangu malaria imshike. “Mama, umutengenezee kikombe kama ile yangu. Nyeusi.” Habari ya baba yake aliijua yote, Kindu haifichi neno. Kesho yake Albertine akashuka mtoni kuchimba udongo.

Alitupa majani mabichi motoni mchana kweupe. Moshi ukapanda, naye hakuangalia kikombe, aliangalia njia.

“Mama, moshi iko mingi. Ingia ndani, itakuumiza macho.”

“Uniache, mwanangu. Wale waliomuchukua baba yako waliona moshi, wakakuja. Na yeye aione.”