Mwenyekiti Aliyesema Wote Wataokoka

Nilichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ya Lipangalala kwa sababu nilikuwa na viti. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Mwenyekiti aliyetangulia alikuwa amehamia Morogoro kwa mwanawe, na siku ya uchaguzi tulikuwa tumekaa uani kwangu kwenye viti ishirini vya plastiki ambavyo huwakalishia wateja wangu wa kushona msimu wa harusi na kipaimara. Mtu mmoja akasema, mwenye viti si huyu hapa, watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono. Nilidhani ni utani mpaka nilipomwona Mzee Katekista anaandika jina langu kwenye daftari.

Mzee Katekista alikuwa amestaafu, ila hakuna mtu aliyewahi kumwona akistaafu. Kwa zaidi ya miaka arobaini alifundisha dini mjini Ifakara na mashambani kwa kutumia vitu viwili, kengele ya baiskeli na moto wa milele. Kengele ilituambia kwamba anakuja, moto ulitufanya tusikimbie. Mimi mwenyewe alinifundisha komunyo ya kwanza. Nikiwa na miaka tisa niliijua jehanamu, joto lake na mpangilio wake, kuliko nilivyoijua hesabu ya kuzidisha kwa saba.

Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri, watu kumi na wanne, karibu wote wanawake. Tukishasoma Injili, kila mmoja hueleza neno lililomgusa. Jumamosi moja ya masika tulisoma habari ya yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Watu wakasema yale ya siku zote, kwamba tusipotee, na vijana wetu wasipotee. Zamu yangu ilipofika sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nawaza gauni la bibi harusi ambalo lilikuwa limegoma kufunga mgongoni. Nikasema lililonijia.

"Mimi naona huyu mchungaji haangalii saa. Hakusema nitatafuta mpaka jioni, nikikosa basi. Anatafuta mpaka apate. Kama Mungu yuko hivyo, mwisho wa yote hatabaki mtu nje. Wote tutaokoka."

Jirani yangu anayefuga bata, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, ndiye aliyeanza. Akauliza kama na yule mtu aliyemwibia bata wake watano naye atakuwepo. Nikasema atakuwepo. Akafikiri kidogo, akauliza kama atakuwa amewarudisha. Nikamwambia pengine atakuwa ametubu kwanza. Akasema kutubu anaelewa, yeye anauliza habari ya bata.

Mzee Katekista hakupandisha sauti. Alifunga daftari, akavua miwani, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa na miaka tisa.

"Kama wote tutaokoka," akasema, "sisi tunaamka saa kumi na moja alfajiri kufanya nini?"

Swali hilo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile, na mpaka leo naliona ni swali zuri.

Wiki iyo hiyo alimwandikia Paroko barua ya kunishtaki. Kwa kuwa ni mtu wa haki, aliileta kwangu kwanza anisomee, isije ikaonekana ni majungu. Kisha akaniomba nimwangalizie tahajia, maana miwani yake ilikuwa imepitwa na macho. Niliikuta iko vizuri isipokuwa penye neno uzushi, ambapo aliruka herufi. Nikamsahihishia, akanishukuru, akaondoka kuipeleka.

Barua ilienda polepole, habari ilienda mbio. Kufikia Jumapili, sokoni na mtaa wa Viwanja Sitini walikuwa wanasema Lipangalala kuna jumuiya ambayo kila mtu ameshapita. Jumamosi iliyofuata akaja mama anayepika pombe ya kienyeji mtaa wa pili, ambaye hakuwa amesali na watu kwa miaka mingi kwa sababu ya maneno aliyowahi kuambiwa. Akaja pia mzee mmoja mwenye wake wawili, pamoja na wake zake wote wawili, waliokaa mwanzo na mwisho wa mstari huku yeye akiwa katikati anatazama chini. Nilifurahi sana. Niliongoza sala kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Nilijiona mtu mwenye moyo mpana.

Jumamosi ya tatu akaja mfugaji.

Lazima nimweleze. Alikuwa Msukuma wa makamo aliyehamia bondeni na ng'ombe zake miaka kadhaa nyuma, akakaa ng'ambo ya mashamba ya Katindiuka. Mwaka uliotangulia ng'ombe zake waliingia kwenye shamba langu, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa, wakala, wakalala, wakaamka wakala tena. Tuliitwa kwa mtendaji. Alikiri kosa mbele ya watu, tukatia sahihi, yakaisha. Yaliisha kwenye karatasi. Moyoni mwangu kulikuwa na ng'ombe kumi na saba ambao nilikuwa nawafahamu kwa rangi.

Aliegesha pikipiki yake getini, akaingia na Biblia ya Kisukuma kwapani, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema. "Shikamoo, Mama Mwenyekiti. Nimesikia kwamba hapa hata mimi nimo."

Naomba nieleweke. Nilipotangaza wokovu wa watu wote, niliwawazia wezi, walevi, wauaji na watu wa mataifa ya mbali. Huyu sikuwa nimemwazia. Nikaitikia marahaba kwa shida, nikaenda ndani kumtafutia kiti. Kulikuwa na viti viwili vimebaki. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine kilikuwa na mguu wenye ufa, nilikuwa nimekitenga nikichome kwa kisu cha moto kishikane. Nilisimama mbele ya viti hivyo kwa muda mfupi tu, lakini muda ule ulinitosha kujua ninachofanya.

Alikaa wakati wa wimbo wa mwanzo. Kiti kilivumilia beti mbili. Katika ubeti wa tatu mguu ukaenda, naye akaenda nao, polepole kama gunia la mpunga linaloteleza kwenye mkokoteni, ila mkono ulioshika Biblia ulibaki juu. Watu walicheka, hata wake wawili waliangaliana na kucheka, na yeye mwenyewe alipopata pumzi akacheka kuliko wote.

Mzee Katekista hakucheka. Aliinama, akaokota mguu wa kiti, akaugeuza geuza.

"Mwenyekiti," akaniuliza taratibu, "huu ufa ulikuwa unaujua?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini yule mzee ndiye aliyenifundisha kuungama, na nikiulizwa na yeye mdomo wangu hujibu wenyewe. Nikasema ndiyo, naujua tangu wiki iliyopita. Nikasema kiti kizima kiko ndani.

Mfugaji alikuwa anapangusa vumbi kwenye suruali. Akasema, "Ng'ombe zangu walikula mpunga wako, mama. Kiti chako kimeniangusha. Sasa tuko sawa?"

"Bado," nikamwambia. "Mpunga ulikuwa mwingi."

Akakubali kwa kichwa, kwamba kweli ulikuwa mwingi. Nikaenda kumletea kile kiti kizima, nikamwekea karibu na changu, nikakaa. Tukaendelea na ubeti wa nne. Sikumpenda siku ile, na sitaki kudanganya kwamba nilimpenda. Ila nilikuwa nimeona aibu, na mtu akishaona aibu mbele ya mwenzake, kumchukia kunakuwa kazi ngumu.

Paroko alikuja wiki mbili baadaye na buti za mpira, kwa maana mvua zilikuwa zimefunga njia ya kwetu kwa matope. Tulijua amekuja kwa ajili ya barua. Mama wa bata alichinja bata mmoja, sikujua kama ni kwa kunitetea au kwa kuniaga. Mzee Katekista alisimama akasoma mashtaka yake, penye uzushi akatamka vizuri.

Paroko, padre kijana anayezungumza kama mtu anayehesabu hatua, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kutumaini watu wote waokoke si kosa, Kanisa lenyewe linaliomba hilo. Kosa ni kujifanya tumeona orodha. Akaniambia, Mama Mwenyekiti, wewe tumaini, usitangaze kama matokeo ya uchaguzi. Nikainamisha kichwa. Halafu akageukia wote.

"Mnakutana saa ngapi?"

Tukamwambia. Akamuuliza mfugaji saa hiyo huwa wapi. Akasema anakamua, na kila akija huku ndama wanabaki wanalia. Akamuuliza mama wa pombe. Akasema ndiyo saa ya kuchuja. Paroko akasema basi mna imani kwamba mbinguni kuna nafasi ya kila mtu, ila Lipangalala kuna nafasi ya wanaoamka mapema. Akapendekeza Jumapili saa kumi jioni.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Kuhusu moto wa milele Mzee Katekista alikuwa tayari kujadiliana. Kuhusu saa hakuwa tayari. Alisema jumuiya imesali alfajiri tangu ianzishwe, kwamba jioni ni wakati wa mpira na uvivu, kwamba shetani mwenyewe huamka saa kumi jioni. Ilituchukua muda mrefu kuliko mashtaka yangu yote, bata akapoa kabisa. Mwishowe tulipiga kura, na alfajiri ikashindwa.

Tulikuwa tunakaribia kula mfugaji alipoomba kuuliza neno moja. Alisimama, akashika kofia kwa mikono miwili. Alisema kwamba huko walikotoka alizaliwa mtoto wake wa kwanza, akaishi siku nne, akafa kabla ya kubatizwa. Katekista wa huko aliwaambia kwamba mtoto huyo hataiona mbingu. Mke wake hakuingia tena kanisani. Yeye amekuja huku kwa sababu alisikia kuna watu wanasema vingine, na anataka kujua kama ni maneno ya watu tu.

Paroko alimjibu kwamba Kanisa humkabidhi mtoto kama huyo kwenye huruma ya Mungu, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa padre, hana wasiwasi naye. Akasema nenda ukamwambie mama yake kwamba nimesema hivyo. Mfugaji akakaa. Mama wa bata alikuwa analia bila sauti.

Mzee Katekista alikuwa ameshika daftari lake kifuani. "Nilifundishwa hivyo," akasema, si kwa mtu yeyote. "Na mimi nikafundisha hivyo."

Siku mbili baadaye alikuja kwangu na baiskeli. Akaniambia amekumbuka akina mama sita aliowaambia maneno yale, katika miaka yake ya kazi, na anataka kwenda kwa kila mmoja. Aliniomba nimsindikize kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha.

Tulianzia Katindiuka, yeye anasukuma baiskeli, mimi nashikilia gauni lisiguse matope. Bibi tuliyemfuata alikuwa anapepeta mchele nje ya nyumba yake. Tuliamkiana, akatuletea mkeka. Mzee hakukaa. Alisimama wima kama anayesoma somo la kwanza, akamwambia kwamba zamani alimwambia neno kuhusu mtoto wake, kwamba neno lile halikuwa kweli, na kwamba anaomba msamaha.

Bibi aliendelea kupepeta kidogo, akaweka ungo chini.

"Ah, lile," akasema. "Mimi sikukuamini hata siku ile, Baba Katekista. Nilisema moyoni, huyu bado kijana, hajazaa."

Kisha akatuuliza kama tutakunywa chai.

Tulikunywa chai. Alitupa na mihogo ya kuchemsha, akatueleza habari za magoti yake. Tuliporudi barabarani Mzee alisukuma baiskeli mpaka kwenye kalavati, ndipo akasimama.

"Hakuniamini," akasema.

Nikamwambia ashukuru, mama wa watu hakuteseka. Akasema anashukuru sana, ila siku ile alikuwa amefundisha kwa nguvu zake zote, na yule mama aliitikia amina. Nikamuuliza kama turudi nyumbani au tuendelee na nyumba ya pili. Akafikiri, akapiga kengele mara moja bila sababu. Akasema tuendelee, lakini huko niingie mimi kwanza, nimuulize mwenye nyumba kama aliamini.