Punda Mwenye Milia Miguuni

Nimeyaona mengi, lakini la juma lililopita limeniacha mdomo wazi. Nilikuwa ofisini kwa bwana mifugo, Karatu, alipoingia mama wa Kimaasai kutoka Ngorongoro akivuta mtoto wa punda wake. Miguu ya mtoto huyo ilikuwa na milia!

“Baba yake ni pundamilia,” akasema bwana mifugo. “Nyuzi za urithi za pundamilia na za punda zinafanana sana, ila zimekatwa na kuungwa kwa mpangilio tofauti. Huyu atabeba mizigo, lakini kuzaa ni vigumu.”

Mama akagusa shanga zake shingoni. “Shanga zilezile, zimetungwa na mkono mwingine?”

“Hasa.”

Hapo bwana nyama, askari wa wanyamapori, aliyekuwa ameegemea mlango, akadakia: “Basi nusu yake ni mnyama wa serikali. Anabaki hapa.”

Nilidhani anatania. Kumbe! Akaikamata kamba.

Mama hakupaza sauti, wala hakuiachia kamba. “Kwetu mtoto ni wa boma alimozaliwa. Hatuulizi nani aliingia usiku.”

Bwana nyama akaiachia kamba kama imemuunguza. Jamani, tukianza kunyang'anyana watoto kwa kufuata milia, ni nyumba ngapi hapa Karatu zitasalimika?